Mgeni siku ya tatu mpe jembe: wiki za mwisho za khuruji yangu Pemba

Tokea nirudi Unguja kutoka Pemba vijana wa mtaani kwetu hawanipumzishi. Nikikaa barazani wananiuliza, nikilala wananiandikia WhatsApp, siku arubaini zilikuwaje, mlikuwa mnakula nini, mnalala wapi, mama hakulia, na hasa hasa wanataka kujua wiki za mwisho mana wamesikia ndo zinazowashinda watu. Nshajibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwaio leo nawaandikia wote pamoja, na humu ndani kuna jambo nalisema ambalo najua baadhi ya wakubwa zangu katika kazi hii ya tabligh, ya kuwafuata watu kuwakumbusha dini, hawatolipenda, ila nalisema kwa mapenzi. Mie naona tunahama mapema mno. Siku tatu msikiti huu, siku tatu ule, mkoba mgongoni, tunawaacha watu ndo kwanza wanaanza kutujua majina. Wiki zangu za mwisho zilitukuta tumekwama msikiti mmoja bila ya kupanga, na nlichokiona pale skukiona katika siku zote zilizotangulia.

Kwa asojua, unapotoka khuruji unaacha nyumba, kazi, mke kama unae, unaondoka na jamaa, yani kikundi, kwa pesa yako mwenyewe, kuna wanaotoka siku tatu kila mwezi, kuna wa siku arubaini, kuna wa miezi minne, na mnalala misikitini. Kazi hii ilianzia India, huko Mewat karibu na Delhi, miaka ya 1920, Maulana Muhammad Ilyas alipoona Waislamu wa vijiji vile wengi wao hata kalima, yani shahada, hawaijui sawasawa, akasema kumsubiri mtu aje madrasa hakutoshi, afuatwe alipo. Kutoka pale imeenea dunia nzima, na hapa kwetu nani hajawahi kuwaona watu wa tabligh wanapita na magodoro na masufuria. Kila jamaa ina amiri, kiongozi wao. Kila asubuhi mnakaa mashwara mnagawana kazi, huyu khidma yani jikoni, huyu ataongoza taalimu yani darasa, huyu bayani yani mawaidha baada ya magharibi, na baada ya laasiri mnatoka jaula, mnazunguka mitaani mkiongozwa na mwenyeji, mmoja anasema maneno machache wengine kimya wanamdhukuru Mungu, na mmoja anabaki msikitini anaomba dua mpaka mrudi. Siasa hamna, mabishano ya madhehebu hamna, kuchangisha watu hamna.

Tulishuka Mkoani na boti, bahari ya kusi ile, nusu ya abiria wamejiinamia, na tukaanza kupanda juu kidogo kidogo, Kengeja, Mtambile, Chake, mpaka tukafika mkoa wa kaskazini. Sielezi kila msikiti mana ratiba ilikuwa ni ile ile. Karibu kila pahala tulipokewa vizuri, msikiti mmoja tu tuliambiwa hatulali, tukaomba radhi tukaondoka, na kila kijiji tukifika tunaenda kwanza kwa sheha, kiongozi wa pale, kujitambulisha kama taratibu zilivyo. Na ukarimu wa Wapemba jamani mashaallah, hujatua mkoba sinia la muhogo na samaki lishaletwa. Lakini moyoni mwa watu tulikuwa bado hatujaingia. Mtu anakuitikia "inshaallah sheikh ntakuja", anakuja kweli, anakaa safu ya nyuma, anasikiliza bayani, anaondoka, na wewe hujui hata kama ana watoto au hana, anaumwa au mzima, halafu kesho kutwa we ushahama.

Sasa tukafika Mtambwe. Kijiji chenyewe jina lake naliacha, wenyewe hawakuniomba niwatangaze. Amiri wetu ni mwalimu mstaafu kutoka kusini Unguja, mtu mpole mno, usiku homa ikampiga, asubuhi hawezi kusimama. Tukampeleka hospitali ya Wete, wakamtibu vizuri na wakamwambia apumzike asihangaike na safari. Baadhi yetu wakasema tumwache na mtu mmoja sie tuendelee na ratiba, mana kuna misikiti inatusubiri, lakini imamu wa pale alipokuja kumjulia hali akasema mgonjwa wenu ni mgonjwa wetu, kaeni mpaka apone, msikiti huu haufungwi. Tukakaa. Hapakuwa na hekima yetu yoyote pale, ni homa tu na Mungu alivyotaka.

Na hapo ndo zinapoingia hizo wiki za mwisho mnazoniuliza. Wallahi ni nzito, atakaekwambia nyepesi hajatoka. Mwanzoni unakuwa na hamu, kila kitu kipya, ikifika mwisho mwili upo msikitini lakini mawazo yashapanda boti. Mwenzetu mmoja alikuwa anaoa akirudi tu, simu haimtoki mkononi, mwengine mkewe ana mimba kubwa, mie ami yangu kule dukani Darajani kontena lishafika na hana mtu wa kumsaidia kushusha. Tukawa tunagombania soketi ya kuchaji simu. Watu wanaulizana ratiba ya boti ya Mkoani na bei ya tiketi hata kabla ya chai ya asubuhi, kwenye taalimu macho yako mlangoni, dhikri inasomwa mbio mbio. Amiri kalala kwenye godoro lake pembeni, homa bado haijamtoka vizuri, akatutazama siku moja akasema wanangu, nyinyi mshafika Unguja zamani, mmeniacha huku peke yangu. Alisema anatabasamu, lakini ilituingia sote, na baada ya pale ikapita siku nzima hakuna aliyetaja boti.

Halafu kikaja kikwazo chengine. Ilikuwa msimu wa karafuu ndo umechanganya. Mtu wa Unguja mjini anaijua karafuu kwenye pilau na kwenye chai, haijui kazi yake. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, ya Pemba ikapona, na tokea hapo karafuu ni ya Pemba, ndo ada ya mtoto, ndo bati la nyumba, ndo harusi. Msimu ukifika hakuna alokaa. Tukitoka jaula baada ya laasiri mitaa mitupu, tunapiga hodi tunajibiwa na vibibi na watoto, wanaume wote wako juu ya mikarafuu, na wakishuka ni magharibi, wamechoka, wanaswali wanakimbilia nyumbani kwa sababu karafuu zilizochumwa mchana hazilazwi, lazima zichambuliwe usiku ule ule. Bayani yetu ya magharibi ikawa inasikilizwa na sie wenyewe pamoja na wazee watatu wane. Mwenzetu mmoja akasema jamani hapa hapana kazi, tuhame.

Jirani wa msikiti alikuwepo mzee mmoja, sote tukimwita babu, alikuwa haikosi swala hata moja ya jamaa lakini imamu akitoa salamu tu yeye keshavaa viatu, bayani hakai. Jioni moja alitukuta nje tunaosha masufuria, akasimama akasema, "Nyinyi wanangu, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yenu ya tatu ishapita siku nyingi, na jembe hajakupeni mtu." Kisha akaenda zake. Hakusema kwa ubaya kabisa, ila asubuhi yake kwenye mashwara hakikuzungumzwa kitu chengine. Waliosema tusijiingize kwenye kazi za dunia walisema, na waliosema huku ndo kuwahudumia Waislamu, jambo ambalo kila siku tunalisoma, nao wakasema, na amiri akamaliza: bayani ya magharibi iwe fupi, ishaa ikishaswaliwa atabaki mtu mmoja na yeye, wengine wote mwende mkachambue karafuu.

Kwa ambao hamjawahi kuchambua nikuelezeni, mana naipenda kuieleza. Karafuu inachumwa na kikonyo chake, vishada vishada, inamwagwa kwenye jamvi uani, watu wanakaa duara, unashika kishada kwa mkono mmoja unakizungusha kwenye kiganja cha pili au unakivunja kwa vidole, karafuu huku, makonyo kule. Makonyo hayatupwi, nayo yanauzwa, yanatengenezwa mafuta kwenye kiwanda cha Wawi huko Chake. Wanawake upande wao na taa yao, wanaume upande wetu, watoto katikati wanaolala mmoja mmoja juu ya magunia. Vidole vinakuwa vyeusi na harufu haitoki hata ukipiga sabuni, kanzu zangu mpaka leo mama anazifua na bado zinanuka Pemba. Asubuhi karafuu zinaanikwa juani siku kadhaa, na wingu likitanda tu utasikia kelele kijiji kizima, kila mtu anakimbilia majamvi, hata sie tukikatisha taalimu tukatoka mbio, amiri mwenyewe ndo anatwambia haya nendeni nendeni. Usiku wa kwanza wenyeji walituonea haya, sheikh wacheni mtachafuka. Usiku wa pili wakawa wanatucheka tunavyochambua polepole. Baada ya hapo hakuna aliyetujali tena, wakawa wanazungumza mambo yao kama hatupo, na mazungumzo ndo yakaanza.

Kulikuwa na kijana mchumaji, kiasi cha miaka ishirini na kitu, hodari mpaka unaogopa kumtazama, anapanda matawi ya juu kabisa ambayo wenzake wanayaacha, na ukizingatia watu kila msimu wanaanguka wanavunjika. Huyu msikitini hatukuwahi kumuona hata Ijumaa. Kwenye jaula tulishapita kwao, alitwambia inshaallah kama wote. Usiku mmoja tumekaa mie na yeye tunachambua gunia la mwisho, akaniuliza taratibu, bila kunitazama, hivi ile ya kwenye kikao inasomwaje. Tahiyatu, ile ya kwenye kitako cha swala. Hakuijua. Alitolewa chuo cha Kurani mdogo babake alipofariki, akawa anachuma kulea wadogo zake, na alivyokuwa mkubwa akaona haya kukaa na watoto kuanza alif, na akaona haya zaidi kusimama safuni hali hajui anachokisoma. Miaka yote watu wanamwita haswali, mvivu wa dini, na hakuna aliyejua kuwa ni haya tu. Tukawa tunaisoma pamoja kila usiku wakati tunachambua, maneno mawili matatu kwa usiku, vidole vinafanya kazi na mdomo unafanya kazi. Sasa niambieni, huyu angeniuliza siku ya pili? Mie mgeni wa kanzu safi, naondoka kesho kutwa? Maulana Ilyas alikwenda Mewat kwa sababu ya watu kama huyu hasa, na sie tulimpita mlangoni kwake tukampa salamu tukaendelea na njia.

Na babu nae. Huyu ndo nnaemfikiria zaidi.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama upande wa Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa siku chache baada ya Idi, imejaa watu na mizigo kupita kiasi. Miili iliyopatikana ilizidi 200 na waliopotea moja kwa moja ni wengi kuliko hao. Unguja tunalikumbuka, tulilia, mie nlikuwa mdogo lakini nakumbuka watu walivyojaa Maisara kwenye mahema wanatafuta ndugu zao. Lakini Pemba ni kitu chengine, wengi wa waliokuwemo ni watu wao, wanarudi kwao. Babu kijana wake alikuwemo humo na hakupatikana. Alinambia haya tukiwa tunachambua, bila kuulizwa, kama mtu anayeendelea na hadithi alokwishaianza zamani. Alikwenda Unguja kumtafuta, hakumuona, akarudi, na tokea siku ile hajapanda tena chombo cha baharini. Akasema haikupita muda akaja mtu kutoa mawaidha msikiti mmoja huko, akasema meli ile imezama kwa madhambi ya watu waliokuwemo. Babu akanyanyuka akatoka, na hajakaa tena kusikiliza bayani ya mgeni yoyote. Kijana wangu, anasema, alikuwa anakuja na godoro la mamake.

Skuwa na la kumwambia. Hadithi ya Mtume kuwa aliyekufa kwa kuzama ni shahidi naijua, na yeye anaijua kuliko mie. Nlikaa kimya nikamsikiliza mpaka taa ikaisha mafuta, akanitajia jina la kijana wake, umri wake, kazi alokuwa akiifanya, samaki alokuwa akimpenda. Nlimueleza amiri asubuhi. Amiri akaomba tumshike mkono, akajikokota mpaka barazani kwa babu, akamuomba radhi kwa niaba ya mtu yule ambae wala hatumjui ni nani. Walikaa muda mrefu wale wazee wawili. Jioni ile babu alikaa bayani. Najua kuna watu watasema mashaallah matunda ya kazi, lakini mie nataka muangalie hesabu yake vizuri, tulikuwa tushakaa pale muda gani kabla hajalisema, na lau homa isingempiga amiri tungekuwa wapi siku ile. Tungekuwa Konde, na tungesema Mtambwe wazee wake hawataki kukaa bayani.

Mambo mengine yalikuwa madogo lakini yanatoka mule mule. Mtoto mmoja akatumwa na mamake, mama anasema muulizeni sheikh wenu mtu alofiwa na mume eda yake anaweza kwenda kupanda mwani maji yakitoka au hawezi, mana ndo riziki yao. Amiri hakujibu. Akamwambia imamu wa kijiji, na imamu akaliangalia yeye kwa sababu ndie anayejua nyumba ile hali yake, na akafanya jambo ambalo sie tusingeliweza, akawapanga wajukuu wa jirani wamfanyie kazi ile mpaka amalize eda. Sie si masheikh, tabligh haijifanyi ina mashekhe, na kwa kweli hapo nliona pia faida ya kuwa imamu alishatuzoea, alikuwa anakaa na sie usiku, mana pahala pengine imamu anakupokea kwa heshima na anakusindikiza kwa heshima, mnakwenda zenu na yeye hajui mlikuwa mnafanya nini na watu wake.

Na kitu kimoja cha Mtambwe nisikiache. Pale Mtambwe Mkuu, mwaka 1984, walichimba wakapata hazina ya sarafu za zamani, za fedha nyingi na chache za dhahabu, za kiasi cha miaka elfu moja iliyopita, na zile za fedha zimeandikwa majina ya watawala Waislamu wa pwani yetu hii. Yani watu wa kule walikuwa na Uislamu wao na sarafu yao kabla mji wetu wa Unguja haujawa mji. Mie kila nkienda kuteka maji nawaza, tumekuja kuwafundisha nini hawa? Kama kuna tulichokuja kukifanya basi ni kukaa nao.

Katika siku zile nlimkumbuka sana kijana mmoja nlokutana nae Dar, nlipokwenda Kariakoo kumchukulia ami mzigo. Daladala ya Temeke, foleni haisogei, pembeni yangu wamekaa wamishonari wawili wa Kimormoni, wale wa mashati meupe na tai na kibati cheusi chenye jina kifuani, wanaotembea wawili wawili hawaachani. Mmoja Mmarekani wa Utah, Kiswahili chake kimenyooka mpaka konda alikuwa anamtania. Tukazungumza njia nzima. Wao vijana wa kiume wanatumikia miaka miwili, wasichana mwaka na nusu, hapo katikati harudi mtu nyumbani kutembea, gharama wanabeba wenyewe na familia zao, kwao wanapiga simu mara moja kwa wiki, na kila baada ya wiki sita hivi yanakuja mabadiliko, unaweza ukahamishwa au ukaachwa pale pale miezi. Yeye alikuwa kabakisha wiki chache arudi Marekani, na akanambia zile ndo ngumu kuliko zote, wenzake wengi miili inakuwa hapa na vichwa vishafika nyumbani, na wakubwa wao wanawasisitiza kufanya kazi mpaka siku ya mwisho. Lakini yeye kilichokuwa kinamuuma, alisema, ni kuwa sasa ndo watu wameanza kumwambia mambo yao. Kuna bibi alimzungukia nyumba karibu miezi minne kabla hajamwambia kuwa hajui kusoma.

Imani yao na yetu mbali mbali kabisa, nikamwambia na yeye akanambia, tukaagana vizuri. Sisemi tuige dini ya mtu. Wala sisemi tutoke miaka miwili, sie tuna wake na maduka na mabamvua ya kuvua. Ila nlipokuwa Mtambwe nlielewa alichokuwa akikisema, na nkajiuliza kwanini sie wenye watu wetu, lugha yetu, msikiti wetu, bibi zetu, tunawapa siku tatu.

Najua majibu ya wakubwa, na si majibu mabaya. Wanasema mgeni ni siku tatu, hata hadithi ya Mtume imesema ukarimu wa mgeni ni siku tatu na kinachozidi ni sadaka, tusiwaelemee watu. Ni kweli. Lakini sie chakula tunapika wenyewe, na baada ya zile siku tatu tulikuwa na jembe mkononi, karafuu tulizochambua zile wanajua wenyewe ni magunia mangapi. Wanasema mkikaa sana mtaingia kwenye ugomvi wa kijiji. Hili nalo kweli, mana tulisikia mpaka kesi za mipaka ya mashamba ya ndugu, na amiri alituzuia kabisa kutia neno, mkisikia nyamazeni, na tulinyamaza. Inataka amiri mwenye busara. Wanasema watu wakikuzoea bayani inapoteza nguvu. Hapa ndo skubaliani kabisa. Bayani ilikuwa na nguvu wakati gani, walipokuwa wazee watatu wanaotuheshimu kwa sababu ni wageni, au mwishoni pale watu walipokuwa wanakaa na vidole vyeusi kama vyetu, na mmoja anakatisha anasema sheikh rudia hapo skusikia?

Jambo ambalo silikatai ni kuwa siku tatu zina kazi yake. Kuamsha watu zinatosha. Jamaa mpya ya vijana ambao ndo kwanza wanajifunza adabu za msikiti, wazunguke, waone. Ninalolisema mie ni hizo wiki za mwisho. Mtu keshazoea, keshajua kusema na kunyamaza, na hapo hapo ndo moyo unamkimbilia nyumbani, ukimhamisha hamisha unamsaidia kukimbia, kila msikiti anauona kama kituo cha daladala tu kuelekea Mkoani. Ukimkalisha pahala pamoja na ukampa kazi ya wenyeji, moyo unapata pa kushika. Sie wenyewe tuliokuwa tunagombania soketi, mwishoni yule anaetaka kuoa ndie aliyeuliza kama tunaweza kuongeza siku. Hatukuweza, tiketi zishakatwa na amiri alitakiwa akapimwe tena Unguja.

Kuondoka kwenyewe kulikuwa kwa haraka, gari ya kwenda Mkoani inaondoka mapema. Walituletea ndizi na mbata na muhogo mpaka hatuna pa kutia. Babu alileta nazi akasema karafuu sikupeni, mtakamatwa nazo bandarini, na kila mtu akacheka mana kweli karafuu haibebwi ovyo. Kijana mchumaji hakuja kutuaga, alikuwa shamba. Alikuwa ameswali alfajiri pamoja na sie na akaenda zake kazini, na mie nikaona ndo vizuri zaidi.

Tuliporudi Unguja tukakaa karguzari kama kawaida, kila jamaa inaeleza safari yake. Waliotutangulia walitaja misikiti mingi, vijiji vingi, majina mengi ya waliojiandikisha kutoka. Ikafika zamu yetu, misikiti michache, na majina ya kuhesabu kwa vidole, na nliona nyuso za baadhi ya watu. Amiri akaeleza kwa utulivu kuwa alipatwa na homa, akawashukuru watu wa Mtambwe, akakaa. Hakueleza ya babu mana hayakuwa ya kuelezwa pale, na humu nimeyaandika baada ya kumpigia babu mwenyewe simu, akanambia andika, jina langu usitie. Lakini mie pale nilipokaa nlikuwa natamani kusimama niseme, jamani hii hesabu ya misikiti tunayoifanya haipimi kazi. Mtu anaweza kupita misikiti ya Pemba nzima kutoka Mkoani mpaka Kigomasha na asijue hata mmoja aliyemkuta ndani.

Kwaio nyinyi mnaotoka mwezi ujao, na nawajua, mwambieni amiri wenu mapema, msingoje homa. Ombeni kwenye mashwara siku za mwisho zote ziwe msikiti mmoja, na chagueni kijiji chenye kazi, kama ni msimu wa karafuu basi karafuu, kama ni pwani basi bamvua la mwani au kuvuta jarife, na chukueni kanzu moja ya kuharibika. Simu zenu mpeni mtu mmoja azitunze, mzichukue jioni mara moja mzungumze na nyumbani muzirudishe. Bayani fupi. Maswali ya sheria mpelekeeni imamu wa pale. Ugomvi wa mashamba nyamazeni. Mie mashwara ya mwezi huu nnaomba nafasi nilieleze hili mbele ya wakubwa, na nshamwambia amiri, akanambia sema, mie ntakaa karibu yako. Duka la ami kontena lishashushwa, na msimu wa karafuu wa pili ukifungua nishamuomba ruhusa, anasema kama ntamletea nazi za babu niende.